Ukurasa wa Sinema: Chuo Kilichotaka Kubomoa Madarasa



Mwezi huu zamu ilikuwa ya sinema nyingine, lakini tumeiweka pembeni kwanza. Tunarudi kwa ile ya nyeusi na nyeupe iliyooneshwa mwezi uliopita, kwa sababu maneno yamekuwa mengi. Wazazi kadhaa wametusimamisha njiani, wengine wamefika mpaka mlangoni mwa darasa, wanauliza: ninyi walimu, mnawaonesha watoto filamu ambayo mkuu wa chuo ni kichekesho, wanafunzi wanapuliza punje kwa mirija darasani, na vitabu vinatiwa motoni kwa beleshi? Baba mmoja akasema, "Sisi tunauza unga wa posho ili mtoto apate daftari. Ninyi mnamfundisha kuicheka shule." Neno hilo ni zito. Haliwezi kujibiwa njiani mtu akiwa na ndoo kichwani, ndiyo maana tumeomba ukurasa mzima.

Kwanza jina lake. Filamu inaitwa Horse Feathers, yaani manyoya kama ya kuku, ila ya farasi. Sasa nani amewahi kuona farasi mwenye manyoya ya kuku? Ndiyo hivyo. Wamarekani wa wakati ule walikuwa wanasema neno hilo wakitaka kusema "upuuzi mtupu". Kwa hiyo wenyewe wametuambia tangu mlangoni kwamba tunaingia kwenye upuuzi. Ilitolewa na kampuni ya Paramount mwaka 1932, mwongozaji wake ni Norman Z. McLeod, na wanaochekesha ni ndugu wanne wa tumbo moja, Marx Brothers: Groucho mwenye masharubu ya kupakwa rangi, Chico mwenye kofia iliyochongoka, Harpo asiyesema hata neno moja, na Zeppo, yule kijana mtanashati ambaye watu humsahau. Inachukua dakika 68 hivi. Yaani ni fupi kuliko foleni ya mgao.

Kwa waliochelewa kufika, hadithi ni hii. Profesa Wagstaff (ndiye Groucho) anateuliwa kuwa mkuu wa chuo kiitwacho Huxley. Sisi tuliosoma Kongo tungemwita rekta. Siku ya kukaribishwa anawaimbia maprofesa waziwazi kwamba jambo lolote watakaloleta, yeye atalipinga, hata kabla hajalisikia. Ana mtoto wa kiume pale chuoni, Frank, ambaye yuko mwaka wa 12 na hajamaliza. Mtoto huyo ndiye anamwambia baba yake shida ya chuo ni nini. Shida si vitabu wala walimu. Shida ni kwamba tangu mwaka 1888 chuo kinabadilisha wakuu kila mwaka na timu yake ya mpira haishindi. Dawa yake ni kwenda kwenye baa fulani ya kificho, kuna wachezaji wawili wakali wanaonunulika.

Baa ya kificho, kwa nini? Kwa sababu Marekani ilikataza pombe kwa sheria ya nchi nzima kuanzia Januari 1920 mpaka Desemba 1933. Watu hawakuacha kunywa. Walianza kunywa nyuma ya mlango wenye tundu, na bila neno la siri hufunguliwi. Hatudhani kuna mtu kambini anayehitaji maelezo zaidi hapo.

Wagstaff anafika baa, lakini chuo cha upande wa pili, Darwin, kimeshawanunua wale wawili. Yeye hajui. Anawachukua watu wengine kabisa: Baravelli (Chico), muuza barafu ambaye anauza na pombe ya magendo, na rafiki yake Pinky (Harpo), mkamata mbwa wa mji. Wote wawili hawajui mpira, na wote wawili wanaandikishwa chuo kikuu siku hiyohiyo. Majina ya vyuo nayo ni utani: Charles Darwin na Thomas Huxley walikuwa wataalamu wa Uingereza, na Huxley alimtetea Darwin kwa ukali mpaka akaitwa mbwa wake. Humu ndani wanagombana kwa ajili ya mpira.

Mlangoni mwa baa ndipo kambi nzima ilipocheka, na tunapenda kusema kidogo kwa nini. Neno la siri ni jina la samaki mwenye mdomo mrefu kama upanga, na kwa Kiingereza jina lake ni upanga na samaki vikiunganishwa. Pinky hasemi. Basi anafanya nini? Anatoa samaki ndani ya koti, samaki ana upanga umechomekwa mdomoni. Mlango unafunguliwa. Wale watoto waliokaa chini mbele hawajui Kiingereza, wengine hata Kiswahili wanakisikia shuleni tu, nyumbani ni Kibembe au Kifuliru au Kirundi. Walicheka kabla mtafsiri hajafungua mdomo. Halafu yule mtu barabarani anayemwomba Pinky pesa ya kikombe cha chai (wenyewe wanasema kahawa), naye anaingiza mkono ndani ya suruali na kutoa kikombe kimejaa, kinatoa moshi! Hapo mtafsiri afanye kazi gani?

Kwa Baravelli mtafsiri alipata shida, na hatumlaumu. Utani wa Chico uko kwenye maneno. Chico alizaliwa New York, lakini kwenye sinema anasema Kiingereza kama Mwitaliano aliyeshuka melini jana, na kila neno analielewa upande usiofaa. Ni kama umwambie mtu apande juu ya gari, naye anachukua jembe na mche. Kuna mahali mkataba umeandikwa, Wagstaff anauliza muhuri uko wapi, na Pinky anakimbia kuleta mnyama wa baharini aliye hai, anateleza na kulia! Ni kwamba kwa Kiingereza muhuri na mnyama yule wana jina moja. Watu wa kambi ni lazima wacheke muhuri. Nani kati yetu hajawahi kurudishwa dirishani kwa sababu karatasi yake haina muhuri? Siku nyingine ungefurahi hata wakuletee huyo mnyama.

Sasa mpira wenyewe. Wengi walilalamika: huu ni mpira gani, mbona wanaukumbatia? Wamarekani wakisema futiboli hawasemi hii yetu. Timu ina watu 11 uwanjani kama sisi, lakini mpira una umbo la papai dogo, unabebwa na kurushwa kwa mikono, mguu unaugusa mara chache. Kutoka mstari wa goli wa upande huu hadi wa upande ule ni mita 91 hivi. Timu yenye mpira inapewa nafasi nne za kusogea mbele mita 9 na kidogo. Ikifaulu inapewa nne nyingine, ikishindwa inawaachia wenzake. Anayeuvusha mpira mstari wa mwisho anapata pointi 6. Kabla ya kila nafasi wanaambiana kwa siri mpira utapita wapi, na hizo siri ndizo mtu wa upande wa Darwin, Jennings, anamtuma mwanamke mrembo aitwaye Connie Bailey akaziibe. Mkijua hivyo mtaona utamu wa Baravelli, ambaye siri za timu yake anazitangaza kwa sauti, tena kwa vishairi vya watoto, mbele ya wapinzani.

Na mechi ile haina sheria hata moja iliyobaki salama. Baravelli na Pinky wametumwa kuwateka wale wachezaji wa Darwin wasifike uwanjani. Wanafungiwa wao chumbani. Wanakaa chini na misumeno, wanakata sakafu kwa kujizungushia duara, na bila shaka sakafu inaanguka nao. Wanachelewa. Pinky anakuja na mkokoteni wa taka unaovutwa na farasi, amesimama juu yake kama askari wa kale wa Roma. Uwanjani anatupa maganda ya ndizi, wachezaji wa Darwin wanateleza mmoja baada ya mwingine. Wagstaff, mkuu wa chuo, mtu mzima, anaingia mwenyewe kumkaba mtu. Mwisho ndugu wanapanda ule mkokoteni wa taka, wanavuka mstari, na Pinky anaanza kuweka mipira chini, mmoja, mwingine, mwingine, na kila mmoja unahesabiwa! Picha ya ndugu wanne wakiwa kwenye chombo hicho iliwekwa kwenye jalada la gazeti la Time, toleo la tarehe 15 Agosti 1932. Mkokoteni wa taka kwenye jalada la gazeti kubwa la nchi.

Tuje kwenye swali la baba yule.

Kuna dakika moja katika filamu ambayo tunaomba kila mzazi aiangalie tena. Wagstaff anakaa na maprofesa wawili. Anauliza, chuo kina uwanja wa mpira? Kina. Kina majengo ya masomo? Nayo yapo. Basi anasema hawawezi kugharamia vyote viwili, kesho waanze kubomoa chuo. Maprofesa wanashtuka, wanauliza wanafunzi watalala wapi. Anajibu kwamba watalala darasani, kama walivyozoea siku zote.

Nani anachekwa hapo? Si mtoto anayesoma. Anachekwa mkubwa aliyepewa shule akaona uwanja tu. Na watu wa 1932 walijua anasemwa nani. Vyuo vya Marekani vilianza kushindana kwa mpira mwaka 1869, Rutgers na Princeton. Mchezo ukawa mkali mpaka mwaka 1905 vijana wasiopungua 18 walikufa kwa majeraha, na Rais Theodore Roosevelt akawaita wakubwa wa vyuo Ikulu, sheria zikabadilishwa. Baadaye ukaja wakati wa viwanja vikubwa. Yale walijenga cha watu 70,000 mwaka 1914. Chuo kikishajenga uwanja wa namna hiyo, siti lazima zijae, na ili zijae lazima timu ishinde, na ili timu ishinde mtu anatumwa usiku kutafuta vijana wenye mabega. Oktoba 1929 taasisi ya Carnegie ilitoa ripoti ndefu, baada ya watafiti wake kuzunguka vyuo na shule zaidi ya 100. Walikuta wachezaji wanawindwa, wanapewa pesa chini ya meza, wengine wanapewa kazi ambazo hazipo. Na ripoti ikaweka mzigo kwa wakuu wa vyuo wenyewe na walimu wao, kwamba wao ndio wangeweza kulikomesha. Miaka mitatu baadaye Groucho anatokea na kofia ya profesa na sigara mdomoni, anakwenda baa kununua wachezaji mwenyewe. Ilikuwa wakati wa njaa ya kazi kule kwao. Kufika 1933 karibu mfanyakazi 1 kwa kila 4 alikuwa hana kazi. Watu waliokaa kwenye kumbi zile wengi hawakuwa na mtoto chuo kikuu wala tumaini la kumpeleka. Walicheka kwa sababu hata chuo kikuu kilikuwa kinanunua watu kwenye baa.

Si wakuu wote walikuwa Wagstaff. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa na timu yenye sifa, lakini mwaka 1939 mkuu wake Robert Hutchins aliifuta kabisa, akisema kazi ya chuo ni masomo. Uwanja ukabaki na majukwaa matupu. Chini ya majukwaa hayo, tarehe 2 Desemba 1942, Enrico Fermi na wenzake waliwasha kwa mara ya kwanza moto wa nyuklia unaodhibitiwa na binadamu. Mradi ule wa bomu ulitumia urani ambayo sehemu yake kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwetu. Kwa hiyo hata kufunga uwanja na kuchagua masomo hakumfanyi mtu kuwa malaika. Tuache hapo, tusije tukaharibu kicheko.

Wale ndugu wenyewe ni nani, mpaka wacheke vyuo? Hapa tunawaomba wazazi wakae vizuri. Baba yao, Sam, alikuja Marekani kutoka Alsace, mama yao, Minnie, kutoka Dornum, Ujerumani. Walikuwa Wayahudi, walikuwa maskini, walilea watoto watano New York katika nyumba iliyojaa jamaa kutoka ng'ambo. Baba alikuwa fundi cherehani, na familia ilisema hakuwa anatumia futi ya kupimia, anamtazama mteja kwa jicho tu. Fikirini hiyo suti. Harpo hakufika popote shuleni. Yeye mwenyewe alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1961 kwamba alipokuwa darasa la pili wavulana wawili wakubwa walikuwa wakimrusha nje kwa dirisha kila mwalimu akitoka, mpaka siku moja akaamua asirudi tena. Alikuwa na miaka kama 8. Groucho naye aliacha akiwa na miaka 12 hivi, akaingia jukwaani kutafuta pesa ya nyumbani. Mama Minnie ndiye aliyewapanga, akawatafutia kazi kwenye kumbi, akawapigania kwa wenye matangazo. Alifariki mwaka 1929, hii ya chuo hakuiona.

Kwa hiyo wanaocheka chuo ni watu walionyimwa hata shule ya msingi. Na hawakudharau kujua. Groucho alisoma vitabu maisha yake yote, kama mtu mwenye njaa. Harpo alijifundisha kupiga kinubi peke yake, bila mwalimu, akakaza nyuzi kwa namna yake isiyo ya kawaida. Alipopata pesa akatafuta walimu wamrekebishe, na walimu wakabaki wanamwangalia vidole, wanataka yeye awaoneshe. Katika filamu hii mnamwona anapiga, na pale Harpo mchekeshaji hayupo tena. Uso unatulia. Watoto wetu waliacha kelele wenyewe.

Tunao kambini watu wa namna hiyo. Kuna wazee waliokatishwa darasa la tatu na vita, ambao leo wanatengeneza redio bila kitabu. Kuna vijana wa miaka 19 wanaokaa dawati moja na wa miaka 12. Hao tukiwaambia kwamba kuicheka shule ni dhambi, watatuangalia tu. Wao ndio wanaijua shule kwa sababu waliikosa.

Lakini tusiseme uongo, kuna mahali na sisi kicheko kilikatika. Ni pale Pinky anapochukua beleshi ofisini mwa mkuu na kutia vitabu motoni kama mtu anayetia makaa. Darasani kwetu kitabu kimoja cha hesabu ni cha watoto sita, na cha sayansi kimepoteza kurasa za mwanzo, hatujui nani aliwashia jiko. Kukiona kitabu kizuri chenye jalada gumu kinaingia motoni kwa utani, inauma. Na kuna jambo lingine. Filamu ilitoka 1932. Tarehe 10 Mei 1933, hata mwaka haujaisha, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ujerumani, nchi aliyozaliwa mama Minnie, walichoma vitabu hadharani Berlin na miji mingine, vikiwemo vya waandishi Wayahudi, na maprofesa wengine walisimama pale wakiwaunga mkono. Harpo alikuwa anatania. Wale hawakutania. Mtoto akiuliza tofauti ni nini, mzazi, usimnyamazishe. Ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa usiku ule, na liliulizwa na msichana wa darasa la tano.

Sasa jambo la leo, maana vijana wametuuliza sana. Eti, wachezaji wa vyuo Marekani bado wananunuliwa? Jibu ni kwamba sheria imegeuka. Kwa miaka mingi ilikatazwa kabisa mwanafunzi kulipwa kwa kucheza. Julai 2021 waliruhusiwa kupata pesa za matangazo kwa jina lao. Juni 2025 mahakama ilipitisha makubaliano ya vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na kwa mwaka wa kwanza chuo kimoja kiliruhusiwa kutoa mpaka dola milioni 20 na nusu hivi. Lile ambalo Wagstaff alilifanya nyuma ya mlango wenye tundu, sasa linafanywa mchana, na karatasi ina muhuri.

Tunalisema hili kwa sababu wapo kati yetu wenye ndugu waliokwisha kufika Marekani, na barua zao au simu zao zinaeleza vijana wanaosomeshwa bure kwa sababu ya mpira. Ni kweli, wapo. Lakini chama cha michezo ya vyuo vya huko chenyewe kinaeleza kwamba katika wachezaji 100 wa futiboli ya vyuo, hawafiki 2 wanaokuwa wachezaji wa kulipwa baadaye. Wengine wote wanabaki na walichokipata darasani, kama walikipata. Na akija mtu hapa kambini na fomu ya ufadhili wa mpira, halafu anataka pesa kwanza ya kujaza fomu, tafadhali, kabla hujauza hata kuku mmoja, njoo kwetu tusome pamoja hiyo karatasi. Kusoma fomu ni bure.

Kuhusu watoto, maoni yetu ni haya. Wa darasa la nne na kuendelea waitazame, na mzazi akiweza akae naye. Wadogo zaidi hawataharibika, watamwona Pinky na samaki, basi. Ile sehemu ya chumbani kwa Connie Bailey, ambapo kila mwanaume anaingia kumbembeleza kwa zamu huku mwingine anajificha, haina ubaya mkubwa ila ni ndefu, na mama mmoja aliona haya mbele ya mkwewe, tunamwelewa. Wengine walidhani DVD yetu imekwaruzwa kwa sababu picha inaruka pale. Haijakwaruzwa. Baada ya 1934 sinema za Marekani ziliwekewa udhibiti mkali wa maadili, filamu za zamani zikapunguzwa kabla ya kuoneshwa tena, na nakala zinazozunguka zina mapengo hayohayo mpaka leo. Na ule mwisho wa wanaume watatu kufunga ndoa na mwanamke mmoja kwa wakati mmoja, wazee mtaufafanua ninyi nyumbani, sisi bado vijana.

Atakayependa mchezo huohuo bila fujo nyingi, aombe The Freshman ya Harold Lloyd, ya mwaka 1925. Haina sauti kabisa, kwa hiyo mtafsiri atapumzika. Ni kijana anayeingia chuo akitaka sana kupendwa, timu inamfanya gunia la kufanyia mazoezi ya kukaba na mbeba maji, naye anaamini ni mchezaji. Umati wa watu mnaouona humo ni wa kweli. Walipiga picha Berkeley wakati wa mapumziko ya mechi kubwa ya California na Stanford. Inachekesha na inatia huruma. Sisi binafsi tunaipenda Horse Feathers zaidi, lakini tunajua bibi zetu watachagua ile.

Kwa kuwa wengi hawakuiona, na wengine wanataka kuiona tena ili walalamike vizuri, itarudiwa Jumamosi ya pili ya mwezi, pale pale kwenye uwanja wa shule, jua likizama. Safari hii tutasimamisha picha mara tatu: baada ya Wagstaff kutaka kubomoa chuo, baada ya vitabu motoni, na kabla ya mechi ili tueleze tena zile nafasi nne. Mwenye swali atapewa kipaza sauti, na baba yule wa daftari tunamwomba aje akae mbele. Watoto wachukue mikeka, wenye viti wakae nyuma wasiwazibe wenzao. Mafuta ya jenereta yanatosha saa mbili tu, kwa hiyo tusichelewe. Mvua ikinyesha, ni Jumamosi inayofuata.